Shati la lineni limekakamaa, limerudi, limeota njano: tatizo liko wapi?

Juzi jioni jirani kanigongea, kashika suruali ya lineni kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba ng'onda, na kweli ilikuwa imekakamaa kama ng'onda. "Dada, hii nimeifua mara nne tu, si wameniuzia takataka hawa?" Nikamuuliza kitu kimoja tu, maji ya kufulia unachota wapi, akasema kisimani, ya bomba yanakuja kwa mgao na yakija yanaenda kwenye simtanki kwa ajili ya kupikia. Basi kesi ikaishia pale pale mlangoni. Suruali haikuwa na kosa lolote.

Mimi lineni nimeivaa Dar hii miaka mingi, sio kwa ubishoo, ni joto tu, maana mwezi wa pili ukipanda daladala na shati la poliesta unashuka Posta umeshaiva. Na kwenye hiyo miaka nimeharibu nguo za kutosha kujua kwamba karibu kila shida ya lineni ina mambo mawili nyuma yake: kuna kitu kimebaki ndani ya kitambaa (sabuni, chokaa ya maji, jasho), au nguo imekauka kupitiliza. Kufua kwenyewe sio shida. Watu wanaiogopa maji kama vile itayeyuka, kumbe uzi wa kitani ukiroa ndo unakuwa imara zaidi kuliko ukiwa mkavu.

Na tuelewane, lineni ndo kitani, ile ile ya yule tajiri wa kwenye Biblia, inatoka kwenye mmea unaolimwa sana Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Sio katani. Katani ni mkonge, Tanga huko, kamba na magunia. Nasema hivi kwa sababu nimeshasikia muuza nguo akimwambia mteja, macho makavu kabisa, kwamba hii ni katani ya kwetu wenyewe.

Imekakamaa, inakwaruza shingo

Hili ndo namba moja kwa Dar. Kuna sababu mbili na zinafanana ukizitazama, kwaiyo kwanza zitenganishe. Chukua nguo hiyo kavu, inyunyizie maji kidogo ya kunywa, ifikiche mkononi kama unafikicha unga, alafu itundike ndani sehemu yenye upepo. Ikikauka ikabaki laini, basi ilikuwa imekauka kupita kiasi tu, uliisahau kwenye kamba toka saa nne asubuhi mpaka jioni. Dawa yake ni kuianua mapema, ikiwa bado ina ubaridi wa unyevu ukiishika, basi.

Ikikauka ikarudi kukakamaa, hapo kuna uchafu ndani, na mara nyingi uchafu wenyewe ni sabuni uliyofulia. Maji ya visima vingi vya huku kwetu ni magumu, yana kalsiamu na magnesiamu, alafu mengi yana chumvi kabisa unaionja mdomoni. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo haitoi povu, inatengeneza ule utando wa kijivu unaouona umeganda pembeni ya beseni. Sasa utando ule ule unaingia kwenye nyuzi. Unafua, unaona povu hamna, unaongeza sabuni, utando unazidi, unafua tena kwa hasira, na kila ukifua nguo inazidi kuwa ngumu.

Kama huna uhakika na maji yako chukua chupa ya maji, ijaze nusu, kwangulia vipande vidogo vya sabuni ya mche, funika, tikisa kwa nguvu. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki maangavu kiasi, uko salama. Povu likiwa la kinyonge na maji yakageuka kama maziwa yaliyokatika, ndo hayo. Fanya na ya bomba ulinganishe, utashangaa, na kama una maji ya mvua uliyokinga kwenye bati (sio ya mvua ya kwanza, ile inaosha vumbi na kinyesi cha ndege) jaribu na hayo pia.

Kuitibu nguo iliyokwisha kujaa: ndoo ya lita 10, maji ya uvuguvugu, nusu kikombe cha siki nyeupe, loweka dakika 30, suuza. Siki inavunja ule utando. Utaona maji yanageuka rangi ya maziwa, na nguo ambayo juzi tu uliifua utadhani haijaguswa sabuni mwaka mzima. Ikiwa imejaa sana rudia. Hiyo suruali ya jirani tuliirudia mara mbili. Kuanzia hapo, lineni ifuliwe kwa sabuni ya unga au ya maji badala ya mche, kwa sababu sabuni hizo hazigandi sana kwenye maji magumu, na weka kidogo kuliko unavyofikiri. Alafu suuza mara tatu. Najua, maji ya kununua, ndoo ina bei yake, ila kama maji ni ya shida basi kufulia tumia ya kisima na msuuzo wa mwisho tumia ya bomba au ya mvua, hiyo ndoo moja tu ya mwisho inatofautisha sana.

Na ile dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua? Kwenye lineni mimi siiweki. Inapaka nyuzi kama mafuta, nguo inateleza mkononi ila inaacha kunyonya jasho, na lineni isiyonyonya jasho hapa mjini ni ya nini sasa.

Nyeupe imeota njano

Usikimbilie jiki. Angalia kwanza njano iko *wapi*.

Iko kwapani na kwenye kola: ni jasho na mafuta ya mwili, na kwapani mara nyingi imechanganyika na diodoranti zile za kuzuia jasho, zina aluminiamu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na ile poda ya kuondoa madoa isiyo na klorini, inayofanya kazi kwa oksijeni, supamaketi zipo, acha masaa kadhaa au usiku kucha kisha fua kawaida. Jiki hapo inaweza kuikoleza njano badala ya kuitoa. Na kuanzia siku hiyo shati ukilivua usilitupe kwenye tenga la nguo chafu likae mpaka Jumamosi, lipitishe kwenye maji matupu usiku huo huo hata kama huna muda wa kulifua, jasho bichi linatoka na maji tu.

Ni madoadoa, rangi ya chai ya rangi, yamekaa kiholela: hiyo ni kutu. Inatoka kwenye kamba ya waya, kwenye msumari, kwenye mlango wa bati uliopitia karibu, kwenye pasi ya mvuke inayotema maji machafu, au kwenye maji yenyewe maana visima vingine vina madini ya chuma, unachota maji ni meupe kabisa, yakilala kwenye ndoo asubuhi chini kuna tope jekundu. Hapa jiki ndo inakuwa adui kabisa, inalichukua lile chuma lisiloonekana ndani ya maji inaligeuza kutu papo hapo juu ya shati lako. Niliwahi kuloweka shuka nyeupe ya kitani kwenye maji ya kisima na jiki, nikaenda sokoni, narudi shuka imekuwa rangi ya karanga. Kutu inatoka na limao: kamulia juu ya doa, weka chumvi, acha kama saa moja ikiwa mbichi, usiache ikauke, suuza sana. Kwa nguo ya rangi jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani kwa sababu limao linakula rangi pia.

Ni nguo nzima, njano hafifu kama karatasi ya gazeti la zamani: ni mabaki ya sabuni yaliyopigwa pasi mara kwa mara, au nguo imekaa kabatini ikiwa na wanga. Siki kama tulivyosema juu, alafu jua. Kitani nyeupe inapenda jua, huko Ulaya zamani walikuwa wanatandaza vitambaa vya kitani juu ya majani siku na siku ili viwe vyeupe, sisi jua tunalo bure.

Na tafadhali, siki na jiki visikutane kwenye beseni moja, wala limao na jiki. Vinatoa hewa ya klorini, inabana kifua, na mabafu yetu haya ya kidirisha kimoja sio mahali pa kufanyia hayo majaribio.

Mikunjo haitoki hata nipige pasi mpaka mkono uume

Kuna mikunjo ya aina mbili. Kuna ile ya kuvaa, umekaa kwenye kiti nusu saa, nyonga zote zimejikunja. Hiyo haina tiba, uzi wa kitani haunyumbuki, ukikunjwa unabaki umekunjika, ndo ulivyo na ndo ulivyoununua. Anayetaka nguo isiyokunjika avae jezi.

Ile ya pili, ile mikali kama imechorwa na rula, inakuja wakati wa kufua na hiyo unaizuia. Inatoka kwenye kukamua. Sisi tumezoea kukamua nguo kwa kuisokota watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mpaka ilie. Lineni usiisokote. Ibonyeze maji yatoke, au izungushe ndani ya taulo ubane, alafu itundike ikiwa nzito nzito na inachuruzika, uzito wa maji wenyewe unainyoosha. Kwa wenye mashine usiijaze, nusu inatosha, maji nyuzi 30 au 40, na mzunguko wa kukausha ushushe mpaka 600 kwa dakika au chini ya hapo, na ikilia kwamba imemaliza nenda katoe nguo, usiseme ngoja tamthilia iishe. Saa moja ndani ya ngoma inatosha kukuachia mistari ambayo utahangaika nayo wiki nzima.

Kabla ya kuanika ikung'ute kwa nguvu, vuta kola, vuta upindo, vuta mshono wa pembeni kwa mkono. Shati weka kwenye hanga, vibanio vinaacha masikio mabegani.

Pasi sasa. Dobi mmoja mzee aliyekuwa na kibanda mtaani kwetu aliniona napeleka mashati ya lineni makavu, akayarudisha. "Mama, haya nenda kayaroweshe uniletee kesho." Nikajua anakwepa kazi. Kumbe lineni ikishakauka kabisa unapigana nayo tu, moto wa pasi unahitaji unyevu ndani ya uzi ili uulegeze. Kwaiyo ama uianue ikiwa na unyevu upige pasi hapo hapo, ama uinyunyizie maji, uikunje, uifunge kwenye mfuko wa plastiki nusu saa unyevu usambae sawa, ndo upige. Moto wa juu, kwenye pasi nyingi neno lineni liko mwisho kabisa, juu ya pamba, usiogope ilimradi ni lineni tupu (nitaisema hapo chini hiyo). Umeme ukikatika katikati na nguo iko kwenye mfuko, weka mfuko kwenye friji, sio utani, usipofanya hivyo kwa joto letu kesho unakuta imevunda.

Pasi ya mkaa inafanya kazi vizuri tu, ina uzito ambao lineni inaupenda, ila ifute chini kwa kitambaa kibichi na ujaribu kwenye tambara kwanza, alafu usiipulizie ikiwa juu ya nguo, jivu linapaa.

Nguo nyeusi au bluu iliyokolea imeng'aa kama imepakwa nta? Umepiga pasi upande wa nje. Geuza ndani, au weka kanga nyepesi katikati. Mng'ao ulioingia tayari unapungua ukiweka kitambaa kibichi juu na kupitisha mvuke, hauishi wote.

Imerudi, gauni limekuwa blauzi

Nilinunua kitambaa mita 3, nikampelekea fundi, gauni likaja zuri ajabu, likafuliwa mara moja likapanda juu ya goti. Nikarudi kwa fundi mwingine, mzee, shikamoo fundi, marahaba mwanangu, akaligeuza akasema, "Mwanangu, kitambaa kiliroweshwa kabla ya kukatwa?" Hakikuroweshwa. Lineni ambayo haijatiwa maji kiwandani inarudi, asilimia 3 au 4 ni kawaida, na kuna zinazofika 10. Gauni la sentimita 110 likirudi asilimia 5 umeshapoteza sentimita 5 na nusu, na maji ya moto yanalimaliza zaidi. Kwaiyo kitambaa kikinunuliwa kifuliwe kwanza, kikauke, kipigwe pasi, ndo kiende kwa fundi, na fundi akikwambia haina haja tafuta mwingine.

Kama nguo ndo imesharudi, loweka, na ikiwa mbichi ivute taratibu kwa urefu huku unapiga pasi, utarudishiwa kiasi, sio yote.

Dalili nyingine ya jambo hilo hilo ambayo watu hawaiunganishi: mishono inafanya mawimbi, au bitana inachungulia chini. Kitani imerudi, uzi wa cherehani na bitana vya poliesta havikurudi. Hapo fundi afumue bitana aikate upya, pasi haitakusaidia.

Rangi

Kupauka mabegani na mgongoni tu, mbele bado nzima, ni jua la kamba. Geuza nguo ndani nje, anika kivulini penye upepo. Mistari myeupe kwenye mishono na magotini kwenye nguo nyeusi, hiyo rangi haijatoka, ni nyuzi zimechanikachanika kwa brashi na kusugua, vinyweleo vinaonekana vyeupe. Haitibiki, acha brashi tu. Na nguo inayochuja, watu watakwambia loweka na chumvi ishike rangi. Chumvi inatumika kiwandani wakati wa kutia rangi, ile ambayo imeshakataa kushika chumvi yako ya jikoni haiishikishi. Ifue peke yake maji baridi mpaka maji yawe meupe.

Inanuka, au ina vidoti vyeusi

Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, hii ndo kesi. Kitani inanyonya maji mengi kabla hata hujahisi kwamba ni mbichi, unaishika unaona kavu, unaikunja kabatini, baada ya siku 3 kabati linanuka kama godoro lililolowa. Usiamini mkono, iguse kwenye mshono na kwenye mkanda wa kiuno, hapo ndo panachelewa. Ikinuka tu, fua tena na loweka kwenye siki. Vidoti vyeusi ni ukungu, poda ya oksijeni maji ya uvuguvugu usiku mmoja, kwa nyeupe baadae jua. Vilivyokaa miezi vinaacha alama. Kabatini usifunge kwenye plastiki, na usiweke nguo yenye wanga kwa muda mrefu, mende wanakula wanga na wakimaliza wanga wanatoboa kitambaa.

Imekatika kwenye mkunjo

Kola imekatika pale inapogeuka, au suruali imekatika kwenye ule mstari wa mbele. Ni kukunja na kupiga pasi sehemu moja kila mara, uzi unavunjika kama waya unaoukunjakunja. Suruali ya lineni usiitie mstari. Ukikunja za kuhifadhi badilisha mahali pa kukunja, au tundika. Vitundu vidogo vidogo bila mpangilio mara nyingi ni jiki iliyodondoka bila kuchanganywa na maji.

Nimefanya yote na haibadiliki

Basi huenda sio lineni. Kariakoo kitambaa chochote chenye vinundu vya nyuzi kitaitwa lineni, na mitumbani lebo imeshakatwa. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, shika kwa koleo, choma. Kitani inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu jepesi linalosagika. Ikiyeyuka ikaacha kipira kigumu cheusi ni poliesta, na ikifanya yote mawili ni mchanganyiko. Mchanganyiko moto wa juu wa pasi utauyeyusha, shusha. Na ndo hizo zinazoota vipele vipele kifuani, kitani tupu haioti sana.

Kabla hajaondoka jirani akatoa na shati la mumewe, lineni nyeupe, lina doa la mchuzi wa biriani lililokuwa la njano, yeye kalisugua na sabuni likawa jekundu kama damu, kashtuka kaacha. Ni manjano tu hiyo, kile kiungo cha mchuzi, ikiguswa na sabuni inageuka nyekundu, ukisuuza inarudi njano. Toa mafuta kwanza kwa sabuni ya vyombo, suuza, alafu weka doa lielekee jua, manjano haiwezi jua. La kwake lilichukua siku mbili.